Ganda la Ndengu Lililogoma

Sijawahi kununua gunia la ndengu bila kuliuma. Unachoma gunia kwa kile chuma chenye mfereji, unatoa punje za juu, za katikati na za chini, kisha unatia mbili tatu mdomoni na kuzibana kwa magego. Zikilia ka! na kupasuka vipande, zimekauka, lipa uende zako. Zikibonyea bila kulia, zina maji ndani, na ukizitia stoo utakuja kufungua gunia la ukungu. Siku hizi kuna vijimashine vya kupima unyevu, na vijana wa Emali wanavyo. Niliwahi kukishinda kimoja mbele ya watu, na tangu siku hiyo hakuna aliyenishauri ninunue changu.

Aliyenifundisha kuuma ni dada yangu. Tulizaliwa Kalamba, wawili tu kwa mama yetu, yeye akinitangulia kwa miaka minne. Tulipochoka kulima tukingoja mvua isiyokuja, tulifungua kibanda cha nafaka Emali, karibu na reli. Kila msimu tuliketi kwenye turubai moja, uteo mapajani, tukipepeta na kuchambua. Jicho lake lilikuwa kali kuliko langu. Ndengu iliyoingiwa na dumuzi, mdudu wa nafaka, huwa na kitone hafifu kabla tundu halijatokea, na yeye alikuwa anakiona huku anabishana bei na mteja, wala hainamii.

Jicho hilo halikumsaidia yeye mwenyewe. Kwa miaka miwili tumbo lilimsumbua, akapungua mwili, akaona damu chooni na akanyamaza, maana kwetu mambo ya choo hayasemwi hata kwa ndugu. Alitibiwa amiba. Akatibiwa vidonda vya tumbo. Akina mama wa kanisani walifunga na kumwombea, nami nilikuwa miongoni mwao, nimefumba macho. Alipofika kwa mtu aliyejua anachotafuta, saratani ya utumbo mpana ilikuwa imeshafika kwenye ini, na tukaambiwa turudi naye nyumbani. Nilimzika nikiwa na hasira ambayo hadi leo sijui nimkabidhi nani.

Kabla hatujaondoka hospitalini daktari mmoja alinivuta kando. Alisema ugonjwa huu una tabia ya kutembea katika familia, na kwamba mimi, ndugu wa tumbo moja, ningefaa kupimwa. Mtoto wa marehemu pia. Dada aliacha mtoto mmoja, binti, ambaye sasa ni mwalimu wa shule ya msingi na ana sauti ya kunyamazisha darasa zima. Nilipomfikishia ujumbe alinijibu kwamba yeye hawezi kuvuliwa nguo na wanaume akiwa mzima wa afya, na mazungumzo yakaishia hapo. Sikuweza kumlaumu. Mimi mwenyewe nilikaa mwaka mzima bila kwenda, na sababu yangu ilikuwa moja tu: niliogopa kuambiwa nina kile alichokuwa nacho dada.

Kilichonitoa nyumbani hakikuwa ujasiri, kilikuwa udaku. Siku moja nikiwa kibandani, redio ilikuwa inazungumza Kikamba, na daktari akawa anaeleza kuhusu hospitali moja upande wa Kitui iliyopata kamera ya kuchungulia utumbo, na kamera hiyo imeunganishwa na kompyuta inayotazama pamoja na daktari. Kompyuta ikiona kinyama kimeota ukutani, kile wanachokiita polipi, inakizungushia kisanduku kwenye skrini na kulia. Vinyama hivyo, alisema, vingi havina neno, lakini vichache vikiachwa miaka mingi hugeuka saratani. Ukikiona mapema unakikata, na hadithi inaishia pale.

Niliacha uteo. Mashine inayochambua! Nilitaka kujua nani aliifundisha, na kwa kuonyeshwa nini. Mimi ilinichukua misimu minne kutofautisha kitone cha dumuzi na doa la kawaida, na nilikuwa na mwalimu mkali ananipiga kikumbo kila nikikosea. Jioni hiyo nilimpigia simu binti wa dada. Alikubali kunisindikiza, akanikumbusha mara mbili kwamba anasindikiza tu.

Hospitali walinipa karatasi ya masharti. Siku tatu bila mbegu wala maganda: hakuna muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa, hakuna maharagwe, hakuna ndengu, hakuna nyanya wala mapera. Siku ya mwisho ni chai ya rangi na supu iliyochujwa, kisha dawa ya kuharisha iliyochanganywa na maji mengi, nusu jioni na nusu alfajiri. Niliyafuata masharti hayo kama askari. Jirani yangu aliniletea muthokoi uliotiwa mbaazi mbichi nikaukataa, na yeye akanuna hadi Jumapili. Wakati wenyewe ulikuwa wa mavuno, wakulima wamepanga foleni kibandani, kwa hiyo nilifanya kazi hadi adhuhuri ya siku ya mwisho, tumbo tupu, ndipo tukaenda Kitui kulala kwa binamu yangu. Kuhusu dawa ile sitasema mengi. Ina chumvi, inakera, na inafanya kazi. Binamu ana choo kimoja, na ananikumbusha hilo kila tukikutana.

Asubuhi daktari aliniuliza kama ningependa kulala wakati wa kipimo. Alikuwa kijana bado, na kwa lafudhi yake nilijua ni mtu wa kule juu kwenye majani chai. Nilimwambia sikutoka Emali kuja kulala. Ikiwa ndani yangu kuna kitu cha kuonwa, nataka kukiona. Akanieleza kwamba kutakuwa na kubanwa kidogo na gesi nyingi, nami nikamwambia nimezaa watoto watano. Alinipa dawa ya maumivu tu. Binti wa dada akaruhusiwa kusimama karibu na kichwa changu, ingawa nesi alinung'unika.

Walinilaza kwa ubavu wa kushoto, skrini mbele ya uso wangu. Nilitarajia kitu cha kutisha. Badala yake niliona njia ya waridi, yenye maji maji na mikunjo ya duara, na kwenye kuta zake vimishipa vyembamba vilivyotawanyika kama mizizi ya miche. Sikujua kwamba ndani kwangu ni kusafi namna ile. Nilianza kuuliza maswali na sikunyamaza tena. Nani aliifundisha hii kompyuta? Daktari akasema ilionyeshwa picha nyingi mno, na madaktari wazoefu waliokuwa wamekwisha kutia alama mahali penye polipi, mpaka ikajifunza kuzitambua yenyewe. Je, huwa inachoka? Haichoki, alisema, na hiyo ndiyo faida yake, maana yeye akifika mgonjwa wa sita macho yanaanza kupita juu juu. Nilimwelewa. Kwenye gunia la sita ndipo dumuzi hupita.

Kabla hajamaliza kusema, mashine ikalia. Kisanduku cha kijani kilikuwa kimetokea kwenye skrini, kimezungushia kitu kidogo kando ya mkunjo. Binti wa dada akanikamata bega. Daktari akasogeza kamera karibu, karibu zaidi, mpaka kile kitu kikajaa kwenye skrini, na mimi nikakitambua. Ningekitambua hata kwenye giza.

"Daktari," nikasema, "hiyo si polipi. Hiyo ni ndengu."

Nesi akageukia ukutani, mabega yakimtikisika. Ilikuwa ndengu kweli, nusu yake, ganda la kijani na yote. Daktari akasukuma maji, ikaondoka. Mbele kidogo mashine ikalia tena: ganda. Ikalia tena: ganda na kipande. Kila mara kisanduku kinatokea kwa uhakika ule ule, na kila mara ni mali ya kibanda changu.

"Anti, si uliambiwa usikule?" binti wa dada akaniuliza, na ile sauti yake ya darasani.

Niliapa kwamba sikula. Niliapa kwa Mungu nikiwa nimelala pale bila nguo, na nilikuwa nasema kweli kwa kadiri ya akili yangu. Ndipo nikaukumbuka mkono wangu. Siku tatu mfululizo nilikuwa nimenunua magunia, na kila gunia nililiuma juu, katikati na chini. Kwangu mimi huko si kula. Huko ni kazi, kama fundi anavyoshika misumari mdomoni. Nyingine nilitema, nyingine zilipita na mate huku napigania bei. Nilieleza haya yote kwa sauti ndogo. Daktari hakucheka. Alisema amezoea watu waliokula ugali kwa siri wakakana, lakini hii ni mpya, na hata waliotengeneza kompyuta ile hawakufikiria kuionyesha ganda la ndengu, ndiyo maana haikujua.

Kisha akasema jambo lililonifuta aibu na kuleta hofu mahali pake. Uchafu ukiwa mwingi, alisema, unaweza kufunika kitu. Angejaribu kuosha. Ikishindikana, kipimo kitakuwa hakina maana na itabidi nirudi siku nyingine nianze upya. Nikafikiria dada yangu, aliyepita mikononi mwa watu wengi na kila mmoja akatazama juu juu. Na sasa mimi, niliyepata daktari wa kutazama vizuri, nimejimwagia maganda mwenyewe. Nilijikasirikia hadi machozi yakanilenga.

Alienda hadi mwisho wa njia, pale utumbo mpana unapoanzia, akanieleza kwamba kutazama kwenyewe hufanyika wakati wa kurudi, polepole, mkunjo kwa mkunjo. Akawa anaosha na kufyonza, anaosha na kufyonza. Maganda yalikuwa yakiruka na kwenda na maji. Nilianza kupumua. Mashine ikalia mara moja, kisanduku kikawaka na kuzimika na kuwaka juu ya ganda moja lililokaa mgongoni mwa mkunjo. Daktari akalipiga maji.

"Ndengu nyingine," akasema, na kamera ikaendelea kurudi.

Sasa, mtu aliyepepeta maisha yake yote anajua jambo moja. Ukirusha uteo, makapi yote huruka. Likibaki moja limegoma, usilipuuze, linyanyue utazame, kwa sababu chini yake mara nyingi kuna utando wa funza ulioligundisha. Na lile ganda nililiona kwa macho yangu: maji yaliligonga, likatikisika, na halikuenda. Mashine ilikuwa imetudanganya mara tano au sita, na daktari alikuwa amekwisha kuizoea. Hata mimi nilikuwa nimeizoea. Lakini ganda nilikuwa nalijua kuliko wote wawili.

"Daktari, rudi," nikamwambia. "Zingine zote zimeenda na maji. Hiyo imeshikwa na nini?"

Angeweza kuniambia nilale kimya. Wapo ambao wangeniambia. Yeye alirudi. Akalipiga ganda maji mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu likang'oka, likaondoka na ute mzito wa manjano kama ute wa mlenda. Chini yake hapakuwa na kitu. Ndivyo nilivyoona mimi: ukuta wa waridi, pengine umefifia kidogo. Lakini kisanduku cha kijani kilikuwa kimetulia sasa, hakiwaki na kuzimika tena, na daktari alikuwa ameinamia skrini.

Akabonyeza kitufe, na rangi ikageuka. Ile njia ya waridi ikawa ya kijani na kahawia, na mishipa iliyokuwa hafifu ikakoza ikawa myeusi. Baadaye alinieleza kwamba wanaondoa wekundu kwenye mwanga na kubakiza buluu na kijani, kwa sababu damu huinywa mianga hiyo na mishipa hujitokeza. Wakati ule sikuhitaji maelezo. Niliona mishipa ikija kutoka kila upande, na niliona mahali ilipokoma. Katikati kulikuwa na kidoa bapa, kipana kama ukucha wa kidole gumba, kingo zake zimevurugika kama wingu. Kilikuwa pale tangu mwanzo. Kwenye mwanga mweupe nilikitazama moja kwa moja na sikukiona.

"Hii sasa si ndengu, mama," daktari akasema.

Alikitoa siku hiyo hiyo. Alidunga maji ya buluu chini yake kwa sindano kikainuka kama lengelenge, kisha akapitisha kitanzi cha waya na kukikata vipande vipande, akavifyonza na kuvitia kwenye chupa. Sikusikia maumivu. Nilichosikia ni mkono wa binti wa dada ndani ya mkono wangu, wa baridi kama bomba, na hakuwa anauvuta.

Nilipokuwa nimevaa nguo nilimwuliza daktari kama angerudi pale bila mimi kusema. Akasema aina ile ya polipi hupenda kujifunika ute, na ute hunasa uchafu, kwa hiyo ganda lililogandama lingepaswa kumshtua. Pengine angeshtuka, pengine asingeshtuka. Nilimpenda kwa jibu hilo. Alinipa picha mbili zilizochapishwa, moja ya ganda likiwa limekaa na nyingine ya kile kidoa kwenye mwanga wa buluu, akaniambia majibu ya maabara yatachukua wiki mbili.

Zilikuwa wiki mbaya. Niliuma ndengu na kutema, nikisahau bei nilizotaja. Nilikuwa nimeshajipangia nani atachukua kibanda. Simu ilipolia nilimpa binti wa dada aipokee, maana alikuwa amekuja kukaa nami likizo. Alisikiliza, akasema ndiyo, ndiyo, asante, kisha akakaa chini kwenye gunia. Kilikuwa cha aina inayogeuka, alisema. Lakini kilikuwa hakijageuka. Nirudi baada ya miaka mitatu wapachungulie tena.

Nilimshukuru Mungu kwa sauti, na mkulima mmoja aliyekuwa akisubiri kupimiwa akaitikia amina bila kujua ni ya nini. Binti wa dada hakuitikia. Alikuwa amezishika zile picha mbili, akiitazama ile ya buluu.

"Ya mama ingeonekana?" akaniuliza.

Ningeweza kumwambia sijui. Ningesema kwamba wakati ule mashine hizi hazikuwepo huku, na isingekuwa uongo. Lakini nilikuwa nimeona kwa macho yangu, na yeye pia alikuwa ameona.

"Ingeonekana," nikamwambia. "Ilikuwa pale miaka mingi, mwanangu. Hata kamera ya kawaida ingeiona. Ni sisi hatukutazama."

Alilia pale juu ya gunia, nami nikalia, tukapimia ndengu huku tunalia. Jioni akaniomba namba ya ile hospitali.

Nilisimamia masharti yake mwenyewe. Siku tatu alikaa nyumbani kwangu, nikampikia wali mweupe na mayai, na jirani akapewa habari mapema ili asinune. Siku ya pili alikuja kibandani kuniletea simu yangu, akasimama kuzungumza na mzazi mmoja wa shule yake. Yeye ni mwalimu, hajanunua gunia maishani. Lakini alitambaa kwenye turubai lile akiwa mtoto. Akiwa katikati ya maneno, mkono wake ulienda wenyewe kwenye gunia lililo wazi, ukachota punje mbili na kupanda mdomoni, kidole cha mwisho kimesimama kando, macho yakiwa kwa yule mzazi. Nilimjua mwenye mkono ule. Nilikuwa nimekaa kando yake miaka ishirini na mitatu.

Niliupiga kofi punje zikaruka hadi njiani. Mzazi alirudi nyuma hatua mbili. Binti wa dada aliduwaa, kisha akatazama kiganja chake, akacheka mpaka akashika ubavu. Mimi sikuweza kucheka. Nilikuwa nimempiga dada yangu, na safari hii nilikuwa nimewahi.

Siku ya kipimo nesi yule yule alinikataza kuingia, akasema mgonjwa wa leo ametaka kulala na hahitaji mtu wa kumwuliza daktari maswali. Nikakaa kwenye benchi nje ya mlango, sikio nimelitega mlio wa ile mashine. Nilihesabu vigae vya sakafu. Nilisikia maji, nikasikia sauti ya daktari, na mlio sikuusikia. Baada ya muda mrefu walimtoa kwenye kitanda cha magurudumu, bado ana usingizi, ulimi mzito.

"Hakuna kitu, Anti," akasema. "Hata ndengu hakuna."

Nililia pale kwenye benchi kwa sauti kama mtoto, watu wakitazama, na nesi akaenda kuniletea chai.